Mpira wa Hamira Haujashuka

Jumamosi hiyo, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mwamuzi aliyeitwa Sentimita alikuwa amepiga goti kwenye uwanja wa saruji akipima mstari wa mtupo huru kwa utepe wake wa kupimia. Mstari huo alikuwa ameupima Jumamosi iliyotangulia, na ile ya kabla yake, na saruji haina tabia ya kurefuka. Lakini ndivyo alivyokuwa, na jina hilo la utani hakulipata bure. Siku za kazi alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Wauza nyama walimwogopa kuliko walivyoogopa umeme kukatika, kwa maana hakuwahi kugonga muhuri kwenye mzani ambao hakuuwekea mawe kwa mkono wake mwenyewe.

Ligi yenyewe ilikuwa ya ridhaa, ya timu za kazini. Wauguzi walikuwa na timu yao, posta walikuwa na yao, na siku hiyo waoka mikate walikuwa wakicheza na mafundi bomba mbele ya watazamaji wapatao arobaini, wengi wao ndugu na majirani wa wachezaji. Jezi namba tisa ya waoka mikate ilivaliwa na mpwa wake Sentimita, mtoto pekee wa dada yake. Wenzake kazini walimbandika jina la Hamira, kwa sababu ukimweka chini ya kikapu haachi kupanda. Ili watu wasije wakasema damu ni nzito kuliko maji, mjomba alikuwa amempulizia Hamira faulo nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika misimu minne. Kijana hakununa.

"Mjomba, leo umenionea mara mbili tu," alimwambia wakati wa mapumziko, akinywa maji. "Au unaumwa?"

"Cheza mpira," mjomba alisema.

Zilipobaki sekunde tatu mchezo uishe, mafundi bomba walikuwa wakiongoza hamsini na nane kwa hamsini na saba. Hamira alipokea mpira pembeni, akapiga hatua mbili, akaruka, akauachia. Fundi bomba mmoja, mtu mpole mwenye watoto wanne, alichelewa nusu hatua na kumsukuma mgongoni. Sentimita alipuliza filimbi na kuinua ngumi juu, kama kanuni inavyotaka. King'ora cha mwisho kikalia. Hamira akaenda moja kwa moja, kwa kichwa, kwenye nguzo ya chuma iliyo nyuma ya mstari wa mwisho. Nguzo hiyo ilikuwa imevikwa kitambaa cha buluu chenye tangazo la kampuni ya rangi, kimeshonwa vizuri, na ndani ya kitambaa hakukuwa na kitu.

Alifariki ndani ya gari, kabla hawajafika hospitali. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mpira haukushuka. Katika vurugu zile hakuna aliyeutazama, mpaka karani wa meza alipokwenda kukusanya vifaa akakuta mipira mitatu, na asubuhi alikuwa amepokea minne. Alitafuta chini ya mabenchi, akatafuta kwenye mfereji, halafu akainua macho. Mpira ulikuwa juu ya pete ya kaskazini, kama nusu mita hivi, ukizunguka polepole kuelekea nyuma, vile vile ulivyotoka kwenye vidole vya Hamira.

"Kumbe uko huko," karani alisema, akaandika kwenye daftari lake: mipira mitatu kabatini, mmoja hewani.

Karani huyu alikuwa mama wa makamo aliyefundisha hesabu shule ya msingi, na kanuni za mpira wa kikapu alizijua kama alivyolijua jedwali la saba. Mpira ulioachwa mkononi kabla ya king'ora uko hai mpaka uingie, au ukose na kuanguka. Mchezo ambao mpira wake bado uko hai haujaisha. Kwa hiyo hakuandika matokeo. Alimfuata Sentimita pale alipokuwa ameketi kwenye saruji, damu ya mpwa wake kwenye mikono ya shati, akampa karatasi ya mchezo. Mbele ilikuwa imejaa. Nyuma kulikuwa na nafasi ya mistari kumi, ambayo mwamuzi huandika taarifa ya tukio lolote zito, ndipo anapotia sahihi na mchezo kufungwa.

"Baada ya mazishi," Sentimita alisema, akaikunja na kuitia mfukoni.

Walizika Jumatatu. Waoka mikate walikuja na mikate mia mbili, kwa kuwa hawakujua walete nini kingine. Mwenyekiti wa ligi, mfamasia mwenye sauti ya taratibu, alibeba jeneza bega la mbele upande wa kulia na hakukubali kupokewa. Alilia kweli. Mtu akitaka kumchukia mwenyekiti huyu katika habari hii itambidi afanye kazi ya ziada, maana hakuwa mtu mbaya.

Siku ya Alhamisi dada, mama yake Hamira, alikwenda uwanjani peke yake. Alikuwa mfuaji wa shuka katika hospitali, mwanamke mrefu mwenye vidole vilivyochunika kwa sabuni. Alitazama mpira, kisha akaenda kwenye nguzo akaishika juu ya kitambaa. Akaishika juu, akaishika chini. Alipotoka hapo alikwenda nyumbani kwa mdogo wake na kumkuta anakula. Hakuketi.

"Mdogo wangu, nimeishika ile nguzo. Ni chuma kitupu."

Sentimita aliacha kutafuna.

"Mimi nafua shuka za vitanda mia na ishirini. Godoro nalijua hata nikifumbwa macho. Pale hakuna godoro. Wewe si ndiye unayekagua kabla ya mchezo?"

"Ndiyo mimi."

"Uliishika?"

"Dada, taarifa bado sijaiandika."

"Sijakuuliza taarifa."

Alisubiri kidogo mlangoni. Sentimita alisukuma sahani yake kando. Mkewe aliinuka akajifanya anatafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani. Dada akaenda zake.

Ligi haikusimama. Jumamosi iliyofuata wauguzi walicheza na posta chini ya mpira wa Hamira, na mara tatu mtupo halali uliugonga ukarudi. Makocha walilalamika. Kamati ilikaa dakika kumi na kuamua kwamba mtupo utakaougonga mpira wa juu urudiwe. Mlinzi wa uwanja aliuchokoa kwa mpini wa ufagio, ukasogea kidogo, ukarudi mahali pake. Wakaleta ngazi. Mzee mmoja wa posta, mwenye kilo tisini na tano, aliukumbatia akaning'inia nao miguu hewani, na mpira ukaendelea kumzungusha polepole mpaka akaomba ashushwe kwa sababu ya kizunguzungu. Baada ya hapo waliacha. Njiwa wawili waliujaribu vilevile, wakaona hautulii, wakahamia kwenye taa.

Waoka mikate walikuwa na lao. Kila Jumamosi baada ya mechi walisimama chini ya pete na kutazama juu, wakibishana kama mpira ule ungeingia au la. Wengi walisema ungeingia. Mmoja, aliyekuwa rafiki wa karibu wa Hamira, alisema alikuwa ameuachia mapema mno na ungegonga ukingo wa mbele, kisha akalia kwa kusema hivyo.

Mwenyekiti alimwita Sentimita kwenye chumba cha nyuma cha duka lake la dawa, siku ya Jumatano saa kumi na moja jioni. Juu ya meza kulikuwa na faili la ligi na karatasi moja iliyokwisha kupigwa chapa.

"Ndugu yangu, najua una msiba," mwenyekiti alisema. "Msiba wetu sote. Ndiyo maana nimekupunguzia kazi." Akamsogezea karatasi. Ilisema kwamba mchezaji namba tisa aliteleza, na kwamba vifaa vyote vilikaguliwa kabla ya mchezo vikakutwa salama.

"Hakuteleza. Alisukumwa, nikapuliza."

"Basi andika alisukumwa. Hilo ni la mchezo, halina shida. Neno langu ni juu ya nguzo."

"Nguzo haina godoro."

"Nani asiyejua? Yalioza kwa mvua, la kaskazini na la kusini, yakatupwa mwezi wa pili. Tulisema tutanunua, mambo yakaingiliana. Lakini ukiliandika hilo, manispaa wanafunga uwanja kesho. Timu kumi na mbili, vijana mia na zaidi, waende wapi? Wakakae vijiweni? Fainali ni wiki tatu zijazo, mfadhili anakuja na wageni wake. Na kijana wetu harudi, tuandike tusiandike. Ajali haina kinga, ndugu yangu."

Sentimita aliisogeza karatasi kando. Mwenyekiti alidhani anabisha, akafungua faili.

"Na wewe mwenyewe unaumia ukiandika. Tazama."

Zilikuwa fomu kumi na nane za ukaguzi wa uwanja, moja kwa kila Jumamosi ya msimu. Pete, zipo, salama. Mbao, zipo, salama. Godoro la nguzo ya kaskazini, lipo. Godoro la nguzo ya kusini, lipo. Chini ya kila fomu palikuwa na sahihi ya Sentimita.

Hapa inabidi jambo lielezwe, ingawa katika ligi ile hakuna aliyeliona kuwa na haja ya maelezo. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kwanza, waamuzi walikutana katika chumba hikihiki, wakanywa soda na kutia sahihi fomu za msimu mzima kwa mkupuo mmoja. Ilianza zamani, mwaka ambao fomu tatu zilipotea na timu moja ikakata rufaa. Tangu hapo wakaona heri kila kitu kiwe tayari mapema. Karani wa meza alibaki na kazi ya kujaza tarehe tu. Hivyo Jumamosi ilipofika, mwamuzi alikuta uwanja umekwisha kukaguliwa na yeye mwenyewe, na muda wake akautumia kwa mambo mengine. Sentimita aliutumia kupima mistari.

Alizigeuza fomu moja moja. Kwenye ya kumi na moja kalamu yake ilikuwa imeishiwa wino, na kuanzia hapo sahihi zote zilikuwa nyekundu, kwa kalamu ya mwenyekiti. Ya siku aliyokufa Hamira ilikuwa ya kumi na nne. Sahihi ilikuwa nzuri, ina mkia mrefu, ya mtu aliyeshiba na asiye na haraka. Sentimita, ambaye kwa mwaka huo peke yake alikuwa amefungia mizani ishirini na saba kwa gramu chache chache, aliitazama sahihi hiyo na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Fikiria," mwenyekiti alisema, akimsindikiza na dawa ya kikohozi ya bure, kwa kuwa alimsikia akikohoa.

Sentimita alifikiria siku kumi na mbili. Aliiacha karatasi ya mchezo juu ya kabati, akaishusha, akairudisha. Aliogopa kupoteza filimbi, hilo ni kweli, kwani mtu aliyeamua michezo kwa miaka kumi na tisa hajui Jumamosi inafanyiwa nini nyingine. Lakini zaidi ya filimbi alimwogopa dada yake. Wazazi wao walikufa mapema na dada ndiye aliyemlea, akamnunulia viatu vyake vya kwanza vya mpira kwa kufua usiku na mchana. Akiandika nguzo, dada ataijua sahihi. Asipoiandika, dada tayari alikuwa ameishika nguzo kwa mikono yake.

Siku ya kumi na tatu alimfuata kazini. Chumba cha kufulia kilikuwa na joto na mvuke, na mashine nne zilikuwa zikizunguka kwa pamoja. Dada alikuwa akikunja shuka. Alimpa ncha mbili bila kusema kitu, kama walivyokuwa wakifanya utotoni, wakarudi nyuma hatua tatu kila mmoja na kuivuta.

"Dada, mimi nilisaini mwezi wa kwanza."

"Ulisaini nini?"

"Fomu za ukaguzi. Za msimu mzima. Siku moja."

Dada alikutanisha ncha na ncha. "Mwezi wa kwanza mwanangu alikuwa mzima."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulikagua godoro ambalo lilikuwa bado halijaoza, kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa bado hajafa."

"Hata hilo sikulikagua. Tulikuwa tunakunywa soda."

Mashine moja ilimaliza ikaanza kulia. Dada alikwenda akaizima, akarudi, akashika shuka nyingine. Hii hakumpa ncha.

"Andika," alisema.

"Nikiandika watanifukuza."

"Andika."

"Na wewe, Dada?"

"Mimi hujaniandikia kitu bado. Andika kwanza."

Aliandika palepale, juu ya rundo la shuka safi, mistari yote kumi. Kwamba namba tisa alisukumwa mgongoni akiwa hewani. Kwamba alipiga kichwa kwenye nguzo ya chuma isiyo na godoro. Kwamba godoro halikuwepo tangu mwezi wa pili, na mwamuzi hakulijua hilo kwa sababu hakukagua siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na fomu zote kumi na nane alizitia sahihi mwezi wa kwanza akiwa ameketi. Akatia sahihi. Mkia wa sahihi ulitoka mfupi.

Kutoka hospitali walikwenda wote wawili mpaka uwanjani. Sentimita alikuwa na tumaini ambalo hakulisema. Walisimama chini ya pete ya kaskazini, yeye na karatasi mkononi. Mpira uliendelea kuzunguka mahali pake, haukupanda wala haukushuka, na baada ya nusu saa wakaondoka.

Kamati iliipokea taarifa kwa utulivu mkubwa. Ilikaa saa mbili, na dada aliruhusiwa kuhudhuria, akapewa kiti chenye mto. Mwenyekiti alisoma uamuzi kwa sauti ya huzuni, na huzuni yenyewe haikuwa ya kuigiza. Kamati ilikuwa imepata maandishi mawili yanayopingana, yote ya mkono mmoja. La kwanza lilisema godoro lipo. La pili lilisema halipo. La kwanza liliandikwa na mwamuzi akiwa na akili iliyotulia, la pili akiwa na majonzi ya mpwa wake. Kwa hiyo la kwanza ndilo litakalosimama. Kuhusu mwamuzi, kwa kosa la kujipinga kwa maandishi, alinyang'anywa filimbi na kitambulisho kwa muda usiojulikana.

Dada alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Naomba nielewe. Kwa hiyo kwa karatasi zenu, mwanangu alikufa kwa kugonga godoro."

Mwenyekiti aliangalia wajumbe, wajumbe wakaangalia meza.

"Kwa karatasi, mama, ndiyo," alisema. "Pole sana."

Lililobaki kwenye ajenda lilikuwa mpira wa juu. Hapo kamati haikufanya mzaha, kwa maana usalama ni usalama. Mjumbe mmoja alisema mpira wa aina ile, ukianguka kutoka mita tatu na nusu juu ya kichwa cha mgeni wa mfadhili, ni fedheha kwa ligi. Ikaamuliwa uwekewe wavu. Mafundi bomba walijitolea kuufunga bila malipo, na yule mpole mwenye watoto wanne ndiye aliyepanda ngazi. Wavu ulikuwa imara, wa nailoni, umetandazwa pembeni kidogo ili usizuie mitupo. Wakaongeza na mstari kwenye fomu ya ukaguzi: mpira wa juu, upo. Mfadhili alipouona alifurahi, akauliza kama inawezekana kuupaka nembo ya kampuni. Walijaribu, lakini kwa sababu ya kuzunguka herufi zilitoka zimepinda, wakaacha.

Siku ya fainali Sentimita alifika saa tisa, amevaa koti zito ingawa kulikuwa na jua. Hakwenda kwenye mistari wala kwenye mabenchi. Alikwenda nyuma ya mstari wa mwisho upande wa kaskazini, akaegemeza mgongo wake kwenye nguzo, akatulia. Mwamuzi mpya, kijana mwenye kitabu cha kanuni kilichokuwa bado kinanuka gundi, alimfuata.

"Mzee, shikamoo. Watazamaji hawaruhusiwi kukaa hapa."

"Marahaba. Mimi si mtazamaji."

"Ni nani basi?"

"Godoro."

Kijana alifungua kitabu. Unene usiopungua sentimita kumi. Alimwomba Sentimita utepe wake, akampima kutoka kifuani mpaka mgongoni, akapata ishirini na mbili pamoja na koti. Uwe laini kiasi cha kupunguza mshtuko. Akamminya tumboni kwa kidole, akaridhika. Urefu ulipungua kidogo, lakini karani wa meza aliyekuwa akisikiliza alisema hakuna aliyewahi kugonga juu ya hapo. Karani akachukua fomu, akasoma, godoro la nguzo ya kaskazini, akaweka alama kwenye lipo. Fomu ya Jumamosi hiyo nayo ilikuwa na sahihi nyekundu ya mwezi wa kwanza, kama zote tangu ya kumi na moja, na ndiyo ya kwanza tangu mwezi wa pili kusema kweli upande mmoja.

Alizoeleka upesi. Wachezaji waliomgonga walimwambia samahani mwanzoni, kisha wakaacha, kama mtu asivyouomba radhi mlango. Msimu mpya ulipofika Jumamosi ya tatu, mbavu zake mbili zilikuwa zimepata ufa, na sokoni akawa anainua mawe ya mizani kwa mkono mmoja. Wauza nyama walimwonea huruma, wakaanza kumletea mizani yenyewe mezani, na hakuna aliyejaribu kumdanganya kwa gramu hata moja. Nguzo ya kusini ilibaki chuma. Wachezaji walilijua hilo, na kwa kuwa timu hubadilishana upande wakati wa mapumziko, haki ilizingatiwa: kila timu ilishambulia dakika ishirini kwenye mtu na dakika ishirini kwenye chuma. Makocha waliona ni sawa. Wanaokwenda kusini walikuwa wakipunguza mwendo hatua mbili za mwisho, na mabao ya upande huo yakawa machache. Katika chumba cha nyuma cha duka la dawa waamuzi walikuwa wamekwisha kukutana, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kwanza, wakanywa soda yao.

Dada hakukosa Jumamosi hata moja. Aliketi benchi la mbele, upande wa kaskazini, akitazama mpira wa mwanawe ukizunguka juu ya wavu wake. Kwa mdogo wake hakutupa salamu. Alikuwa akimwona anavyogongwa, anavyokunja uso, anavyojinyoosha tena, na uso wake haukusema kama anaona ni haki yake au anaona uchungu. Pengine yote mawili. Moyo wa mtu ni msitu, na huu ulikuwa umeunguzwa.

Jumamosi ya sita ya msimu huo, waoka mikate walicheza na wauguzi. Kipindi cha pili, waoka mikate wakishambulia kusini, kijana mmoja aliyevalishwa jezi namba tisa, kwa kuwa jezi zenyewe ni chache na namba haiwezi kukaa bure, alipata mpira na nafasi. Hakupunguza mwendo. Aliruka, akaweka, akashuka mikono ikiwa mbele, na chuma kikamkosa bega kwa upana wa kiganja. Watazamaji walishangilia bao. Dada alikuwa amesimama bila kujua amesimama.

Alipita mbele ya mabenchi mpaka kwenye meza ya karani, na karani akaomba muda usimamishwe.

"Yule kule sijamsamehe," dada alisema, akionyesha kaskazini kwa kidevu. "Uandike hivyo. Lakini siwezi kukaa hapa nikitazama chuma."

"Hapa hakuna sehemu ya kuandika hilo la kwanza, mama."

"Basi andika la pili."

Akavuka uwanja. Mwamuzi kijana alimfuata na utepe, akampima, akaandika kumi na tisa. Dada alijifunga kanga kifuani, akaikaza, akauegemeza mgongo wake kwenye nguzo ya kusini. Kati yake na mdogo wake palikuwa na mita ishirini na nane za saruji na watu kumi wanaokimbia. Sentimita alimwona. Machozi yalimtoka na hakuweza kuyafuta, kwa kuwa wauguzi walikuwa wanakuja.

Dakika nne kabla ya mwisho, namba tisa alipata tena nafasi. Safari hii alisukumwa kidogo, filimbi ikapulizwa, akaja mzimamzima. Dada alimpokea kwa mikono miwili. Pumzi zote zilimtoka na kisogo chake kikagonga chuma, lakini hakumwachia. Alimshika kichwa, akakiweka begani, akamshika hivyo. Mwamuzi kijana, kwa mazoea, alianza kuhesabu sekunde kwa mkono, kama kwa mchezaji aliyeng'ang'ania mpira. Alifika tano, akashusha mkono, akangoja.

"Samahani, mama," yule kijana alisema mle begani. "Umeumia?"

"Wewe je?"

"Mimi mzima."

"Haya, nenda. Una mitupo miwili."

Akamwachia. Kijana alikwenda kwenye mstari wa mtupo huru akipangusa mikono kwenye kaptula, na mama akaukaza upya mkunjo wa kanga, akarudi nyuma hatua moja mpaka alipokisikia chuma mgongoni.